MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Jubilii ya Miaka 50

 

Historia ya kwaya yetu mmeisoma katika kurasa za mbele, na majina ya waanzilishi yamo humo. Sitayarudia. Kamati imenipa dakika chache nizungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni ukumbi wetu wa zamani.

Ukumbi ule wa mawe na mabati ndimo kwaya hii ilimoimba kwa mara ya kwanza. Tangu tuhamie kanisa jipya, mlango wake una kufuli. Wapo kati yetu wanaosema ubomolewe, tupate mahali pa kuegesha magari. Wapo wanaosema uachwe ulivyo kwa heshima ya wazee wetu. Na wapo wanaosema ufunguliwe, ukodishwe kwa harusi, mikutano na tamasha. Mkutano mkuu wa mwaka ndio utakaoamua, na kila mmoja ana haki ya kusema lake.

Kabla ya siku hiyo kufika, naomba twende pamoja hadi mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, nchini Marekani. Miguu yangu haijakanyaga huko. Habari za mji huo nimezisoma jioni, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nimeuchagua kwa sababu una nyumba mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ilijengwa kwa nguvu ya kwaya. Ya pili ilijengwa kwa ajili ya injili, na iko hai hadi leo kwa sababu milango yake ilifunguliwa kwa wageni.

KWAYA ILIYOJENGA NYUMBA

Mwaka 1866, mara tu baada ya vita vilivyomaliza utumwa Marekani, ilifunguliwa Nashville shule ya kuwafundisha Weusi waliotoka utumwani. Iliitwa Fisk. Madarasa yake yalikuwa majengo ya zamani ya hospitali ya jeshi, na baada ya miaka michache yalianza kuoza. Shule ikazama katika deni.

Mtunza hazina wa shule hiyo, George White, alikuwa pia akifundisha uimbaji. Tarehe 6 Oktoba 1871 aliondoka na wanafunzi tisa kwenda kuimba mji kwa mji, wakitafuta pesa za kuiokoa shule. Wengi wa wale tisa walikuwa wamezaliwa utumwani. Mpiga piano wao alikuwa binti aitwaye Ella Sheppard, ambaye baadaye alikuwa mhimili wa kundi zima.

Safari haikuwa rahisi. Kulikuwa na baridi, na kulikuwa na nyumba za wageni zilizowakataa kwa sababu ya rangi yao. Hata hivyo, walipopata pesa katika mojawapo ya tamasha zao za mwanzo, zisizofika dola 50, walizitoa zote kwa watu wa Chicago waliounguliwa na mji wao mwezi huo huo. Wao wenyewe walikuwa na deni nyumbani, lakini walitoa.

Njiani White akawapa jina: Jubilee Singers, yaani waimbaji wa yubile. Jina hilo lilitoka katika Mambo ya Walawi sura ya 25, panapoelezwa mwaka wa hamsini, mwaka wa watumwa kuachiliwa huru. Kwa hiyo neno tulilolichapisha kwenye vitenge vyetu vya leo, wale waimbaji walilibeba wakiwa wametoka utumwani kweli.

Mwanzoni waliimba nyimbo za kawaida za majukwaani. Walipoanza kuimba nyimbo za wazazi wao, zile zilizoimbwa mashambani wakati wa utumwa, watu wakanyamaza na kusikiliza. Mwaka 1873 walivuka bahari hadi Uingereza na kuimba mbele ya Malkia Victoria. Pesa walizokusanya zilinunua ardhi na kujenga jumba kubwa la ghorofa liitwalo Jubilee Hall. Lilifunguliwa rasmi mwaka wa 1876, na bado lipo. Chuo Kikuu cha Fisk kinalitumia mpaka sasa.

Nimeanza na nyumba hii ili tukumbuke kwamba kwaya na jengo si vitu viwili vya mbali. Wazee waliotutangulia walijua hivyo. Mawe ya ukumbi wetu yalinunuliwa kwa harambee, na kwaya ndiyo iliyozunguka ikiimba kwenye harambee zile.

KAPTENI NA HEMA LA INJILI

Sasa tuvuke mji, kilomita chache tu kutoka Jubilee Hall, hadi nyumba ya pili. Inaitwa Ryman Auditorium.

Thomas Ryman alikuwa mfanyabiashara mwenye meli za mvuke zilizopita katika Mto Cumberland. Meli za namna hiyo zilijulikana kwa pombe na kamari. Mwaka 1885 mhubiri aitwaye Sam Jones alifanya krusedi mjini, ndani ya hema. Husimuliwa kwamba Kapteni Ryman alikwenda pale akiwa na nia ya kufanya mzaha. Akatoka ameokoka.

Aliona kwamba hema halikutosha. Akaamua ijengwe nyumba kubwa ambamo watu wa madhehebu yote wangeweza kusikia injili bila kunyeshewa na bila kulipa. Ujenzi ulichukua miaka na uligharimu takriban dola 100,000, pesa nyingi mno kwa wakati ule. Mwaka 1890, kuta zikiwa bado fupi na paa likiwa bado, Sam Jones alihubiri pale pale katikati ya ujenzi. Mwaka 1892 nyumba ikakamilika. Jina lake la kwanza lilikuwa Union Gospel Tabernacle, na maana yake ni hema ya injili ya watu wote. Kapteni alipofariki mwaka 1904, mazishi yake yalifanyika humo, na Sam Jones akapendekeza nyumba iitwe kwa jina lake.

Wanakwaya wenzangu, sikilizeni jambo hili. Nyumba ile ilijengwa wakati ambapo hapakuwa na vipaza sauti. Mhubiri alitakiwa asikike hadi benchi la mwisho kwa mapafu yake peke yake. Ndani kuna benchi ndefu za mbao kama za kanisa, zimepangwa kwa upinde kulizunguka jukwaa, na roshani ya juu imepinda vivyo hivyo. Kwa hiyo msikilizaji hayuko mbali na anayesema, hata nyumba ikijaa. Sisi tunaijua shida ya kuimba katika chumba cha saruji tupu: sauti inagonga ukuta, inarudi, inagongana na nyingine, na maneno yanapotea. Mbao na miili ya watu huipokea sauti kwa upole zaidi. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya sauti ya mhubiri ikageuka kuwa mojawapo ya nyumba zinazosifiwa zaidi na waimbaji nchini Marekani.

DENI NA JUKWAA

Lakini nyumba kubwa ina matumizi makubwa. Injili ilikuwa bure, ila paa, rangi, taa na mfagiaji havikuwa bure. Ndipo wenye nyumba wakaanza kuwakodishia wengine.

Mwaka 1897 mji ulipokea mkutano wa askari wa zamani wa majimbo ya Kusini, yale yaliyopigana kuulinda utumwa. Kwa ajili ya wageni hao roshani ilijengwa. Mwaka 1901 ilikuja kampuni ya opera kutoka New York, na jukwaa la kudumu likajengwa. Tamasha lilikuwa kubwa, lakini gharama za jukwaa ziliongeza deni. Hapo mnaona kwamba kukodisha peke yake si dawa. Ukimkaribisha mgeni ambaye kumwandalia kunagharimu kuliko anacholipa, utabaki na jukwaa zuri na daftari jekundu.

Kuhusu roshani ile nina neno jingine. Mwaka 2017 Fisk Jubilee Singers, warithi wa wale tisa, walisimama katika ukumbi huo huo wakarekodi tamasha la kuadhimisha historia yao. Rekodi hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2021. Mbele ya roshani iliyojengwa kwa ajili ya waliopigania utumwa waliimba wajukuu wa watumwa. Jengo likitunzwa, Mungu huweza kulitumia kwa namna ambayo waliolijenga hawakuiwaza.

KATIBU ALIYESHIKA FUNGUO

Mtu ninayempenda zaidi katika habari hii yote si Kapteni. Ni mama mmoja, Lula Naff. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa ya ukatibu, ya kuandika hati mkato na kupiga chapa. Alifanya kazi katika ofisi iliyokuwa ikileta wahadhiri na waimbaji ukumbini. Ofisi ile ilipofungwa mwaka 1914, yeye hakurudi nyumbani. Alianza kuukodisha ukumbi kwa juhudi zake mwenyewe. Mwaka 1920 akafanywa meneja rasmi, na aliishika kazi hiyo hadi mwaka 1955.

Siku zile watu wengi wa biashara hawakutaka kufanya mapatano na mwanamke. Kwa hiyo barua zake alizitia saini kama L. C. Naff. Aliyeipokea barua alidhani anajibizana na mwanamume, na mpaka kuja kutambua, mkataba umeshatiwa saini.

Tazameni wageni waliopita humo. Mwaka 1913 watu walijaa hadi tiketi zikaisha kumsikiliza Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, pamoja na mwalimu wake Anne Sullivan. Sisi walimu tunaijua habari ya wawili hao. Mwaka 1919 aliimba Enrico Caruso, Mwitaliano aliyekuwa na sauti ya tena iliyosifika dunia nzima. Mwaka 1932 aliimba Marian Anderson, dada Mweusi mwenye sauti nzito ya alto, ambaye miaka saba baadaye alinyimwa ukumbi mmoja mjini Washington kwa sababu ya rangi yake. Katikati ya hao walipita wahubiri, wanasiasa na vikundi vya maigizo.

Mama Naff hakuongeza hata jiwe moja katika nyumba ile. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba tarehe hazilali. Ukumbi wa watu zaidi ya elfu mbili ukikaa bila mtu siku sita kwa wiki, paa linavuja siku zote saba. Yeye alikuwa na kalenda, barua, mkataba na hesabu. Makatibu wenzangu wa vikundi mbalimbali mlio hapa, tusiidharau kalamu.

MPANGAJI WA MIAKA 31

Mwaka 1943 alikuja mpangaji mpya. Ilikuwa kipindi cha redio kiitwacho Grand Ole Opry, cha muziki wa watu wa mashambani, ambao hapa kwetu tunauita kantri na ambao wengi wetu tumeusikia kwenye redio zetu tangu utotoni. Kipindi kilianza mwaka 1925 na kilikuwa kimehama ukumbi baada ya ukumbi kwa sababu ya wingi wa watu. Pale Ryman kilitulia. Jumamosi usiku zilikuwa zake, na siku nyingine wageni wengine waliendelea kuukodi ukumbi.

Mwaka 1963 kampuni ya redio iliyokuwa na kipindi hicho iliununua ukumbi wenyewe. Waimbaji walikosa vyumba vya kutosha vya kubadilishia nguo, hata wengine walingoja zamu yao nje kichochoroni. Majira ya joto watu walijipepea kwa pepeo za mkononi, maana hapakuwa na mtambo wa kupoza hewa. Hata hivyo walikuja, na nyimbo zilizoimbwa pale zilifika mbali kwa redio.

Mwishowe kampuni ilijenga nyumba mpya nje ya mji, yenye nafasi, maegesho na hewa safi. Tarehe 15 Machi 1974 kipindi kiliimba Ryman kwa mara ya mwisho kabla ya kuhama. Walipohama walikata kipande cha mviringo cha mbao za jukwaa la zamani, chenye upana wa karibu mita mbili, wakakipachika katikati ya jukwaa jipya. Mpaka leo mwimbaji anayepanda jukwaa lile husimama juu ya mbao za zamani.

Ni jambo la heshima. Lakini nyumba yenyewe waliiacha.

KUFULI NA NYUNDO

Na hapa, ndugu zangu, ndipo habari ya Nashville inapofanana na ya kwetu. Waliokuwa wakiimba humo walipata nyumba mpya, na ile ya zamani ikabaki na kufuli.

Hata kabla ya kuhama, kampuni ilikuwa imesema ukumbi ubomolewe, na matofali yake yatumike kujenga kanisa dogo katika bustani yake ya burudani. Mtaalamu wa majumba ya maonyesho aliyeitwa kutoa maoni alisema hapana cha thamani pale cha kuhifadhiwa. Hata baadhi ya waimbaji waliopata jina humo walikubali uvunjwe, kwa kuwa walikumbuka joto na msongamano. Waliopinga ni watu wa kawaida wa mji, wapenzi wa majengo ya kale na waandishi wa magazeti. Kelele zao ziliuzuia ubomoaji, lakini hazikutia mbao mpya. Kwa karibu miaka ishirini ukumbi ulikaa karibu mtupu, ukioza polepole.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale wanaotaka ukumbi wetu uachwe tu kwa heshima ya wazee, naomba waitazame miaka ile ishirini. Kuuacha ni kuubomoa pia, ila kwa mvua badala ya nyundo.

Mwaka 1991 mwimbaji Emmylou Harris aliomba kurekodi tamasha ndani ya Ryman. Aliruhusiwa kwa sharti. Kwa sababu ya usalama, wasikilizaji wasizidi 200, na asikae mtu yeyote juu ya roshani wala chini yake. Hebu fikirini: ukumbi wa maelfu, na watu 200 wamejibanza mahali palipo salama. Aliimba siku tatu. Rekodi ilipotoka, watu wakaisikia sauti ya nyumba ile na kukumbuka kile walichokuwa karibu kukipoteza.

Ukarabati ulifanyika, na mwaka 1994 ukumbi ukafunguliwa upya. Waliweka mitambo ya joto na baridi, wakajenga vyumba vya wasanii, lakini benchi za mbao na roshani yenye upinde vikabaki. Mwaka 2001 serikali ya Marekani iliutangaza kuwa mahali pa kumbukumbu ya kitaifa. Mwaka 2012 kampuni iliyoumiliki ilibadili jina lake na kujiita Ryman. Nyumba iliyotaka kuvunjwa ndiyo iliyowapa jina.

NYUMBA ILE LEO

Leo Ryman ina viti 2,362. Mchana watu hulipa kiingilio kuitembelea. Usiku kuna tamasha. Na zipo siku ambapo kampuni na vikundi huikodi kwa shughuli zao binafsi, wakakaa kwenye benchi zile zile walizokaa waliookoka na Sam Jones.

Ukumbi wa namna hiyo haukodishwi kwa maneno ya mdomo. Kuna mkataba ulioandikwa, wenye saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kuna malipo ya awali ya kushika tarehe. Kuna pesa za dhamana, zinazorudishwa ikiwa hakuna kilichovunjika. Inaandikwa nani atasafisha, nani atalinda, nani atagusa mitambo ya sauti, na watu wangapi wataruhusiwa kuingia. Hivyo mgeni anajua mipaka yake, na mwenyeji halali na wasiwasi.

Najua swali lililo mioyoni mwa wengi, hasa wazee wetu. Je, nyumba ya injili ikikodishwa haipotezi heshima yake? Ni swali la haki, na sitalipita kimya. Sam Jones alikuwa adui mkubwa wa pombe. Leo ndani ya Ryman pombe huuzwa usiku wa tamasha. Hilo ni kweli, na lingemhuzunisha Kapteni.

Lakini tuone lilivyotokea. Waliokuwa na nia ya injili hawakuweza kuibeba gharama ya nyumba, na mwishowe nyumba ikaingia mikononi mwa kampuni. Aliyenunua ndiye aliyeandika masharti. Kwa hiyo mimi nasoma funzo hivi: kanisa linalotunza jengo lake na kulilipia, ndilo linaloamua ni nani ataingia na atafanya nini. Likishindwa, mwingine ataamua.

UKUMBI WETU

Nirudi nyumbani. Nimesema mkutano mkuu ndio utakaoamua. Mimi kama mwanakwaya nina maoni yangu, na sitayaficha: tuufungue ukumbi, tuukodishe, lakini kwa mpango. Naomba mnivumilie kwa mambo manne.

La kwanza, tuanze na paa na ukuta, si na tangazo. Ukuta wa upande wa mlango una ufa ambao kila mtu anauona. Fundi anayeaminika aukague, atuambie watu wangapi wanaweza kukaa humo salama. Akisema hamsini, basi ni hamsini, kama vile Nashville walivyosema 200 na wasizidishe. Hatuwezi kupokea pesa za harusi juu ya roho za watu.

La pili, masharti yaandikwe na kanisa kabla ya mteja wa kwanza kufika. Pombe isiingie. Mikutano ya kampeni za siasa isiingie, maana humu ndani tumo wa kila upande na tunataka kubaki ndugu. Muziki uzimwe saa itakayokubaliwa, kwa sababu tuna majirani. Waliofiwa wasilipe chochote wanapokutana kupanga mazishi. Na bei iwe moja kwa wote, ibandikwe mlangoni, ili asije mtu akapewa bei ya urafiki na mwingine bei ya ugeni.

La tatu, pesa za ukumbi ziwe na daftari lake. Jukwaa la mwaka 1901 litukumbushe kwamba mapato makubwa yanaweza kuleta deni kubwa. Shilingi ya ukumbi itengeneze ukumbi kwanza: paa, choo, nyaya za umeme, viti. Kitakachobaki ndipo tuulizane kiende wapi. Hesabu isomwe hadharani kila mkutano mkuu, na mtu yeyote awe huru kuuliza swali bila kuonekana mkorofi.

La nne, ateuliwe mtu mmoja wa kushika funguo na kalenda, na alipwe kitu kidogo kwa kazi yake. Kazi ya wote huwa haina mwenyewe. Huenda mtu huyo ni mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa saa hii, ambaye hatujawahi kumpa kazi zaidi ya kupika chai. Mama Naff alikuwa mtu wa kalamu tu, na aliibeba nyumba ile kwa miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa niwaambie wanakwaya wenzangu gharama yake kwetu, ili asije mtu akasema tulifichwa. Tukiukodisha ukumbi, kuna siku tutafika na kukuta umepambwa kwa harusi ya watu tusiowajua. Kuna siku tutapanga viti upya na kufagia mchele sakafuni. Jumamosi ni siku ambayo harusi nyingi hufanyika, na Jumamosi alasiri ndiyo siku yetu ya mazoezi. Itabidi tukubaliane. Pengine tutahamisha mazoezi hadi Ijumaa jioni. Pengine tutasema Jumamosi moja kila mwezi haiuzwi kwa bei yoyote. Pale Ryman, wale wa redio walikuwa na Jumamosi zao, na wengine wakapewa siku zilizobaki. Inawezekana watu wakashiriki nyumba moja, mradi kalenda iandikwe mapema.

Faida yake nayo niitaje. Vijana wetu wanaofunga ndoa hulipa pesa nyingi kukodi kumbi za mjini, kisha wageni wao wanashindwa kufika kwa sababu ya nauli. Kwaya za shule zinazojiandaa kwa mashindano hazina mahali pa kufanyia mazoezi ila chini ya mti. Vikundi vya akina mama hukutana vibarazani, na mvua ikinyesha hutawanyika. Tunacho walichokosa, nacho kimefungwa kwa kufuli. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija na shukrani yake ndogo, ukumbi utapata paa, na sisi tutapata mahali pa kuwaonyesha wajukuu wetu na kuwaambia: hapa ndipo tulipoanza.

Wale wanafunzi tisa wa Fisk walikuwa na sauti tu, wakajenga jumba. Wazee wetu walikuwa na sauti na harambee, wakajenga ukumbi. Sisi hatujaombwa kujenga. Tumeombwa kuziba ufa, kuandika masharti na kufungua mlango. Siku ya mkutano mkuu tafadhalini njooni, hata wale mnaotaka maegesho. Semeni hoja zenu, tusikilizane, kisha tupige kura tukiwa ndugu.

 Mungu aibariki kwaya yetu na kuilinda kwa miaka mingine hamsini.